Jasho la Chungu

Mwaka ule Idi iliangukia kabla ya masika. Vyungu vinane vya maua vilivyokuwa kwenye baraza yetu Tanga vilikuwa vikuukuu, vimejaa madoa meupe na ukungu wa kijani, nami nilitaka wageni wavikute vinang'aa. Nikanunua kopo la rangi ya mafuta ya buluu, nikavisugua juu juu, nikavipaka. Siku ya Idi viling'aa kweli. Mvua zilipoanza, rangi ikavimba kama ngozi iliyoungua: malengelenge madogo kwanza, kisha makubwa, ukiyabonyeza yanatoa maji. Kufika Juni ilikuwa inabanduka vipande vipana kama kiganja, na nyuma ya kila kipande kulikuwa na unga mweupe wenye ladha ya chumvi.

Bibi alikiinua kimoja, akakigonga kwa ukucha, akasema, "Mjukuu wangu, hiki umekiziba pumzi." Akanielekeza kwa kidevu kwenye mtungi wa maji ya kunywa uliokuwa kwenye pembe ya ukumbi, umekaa juu ya mchanga, tumbo limelowa.

Nilikuwa nimekunywa maji ya mtungi ule tangu utoto bila kujiuliza ubaridi wake unatoka wapi. Unatoka kwenye jasho. Maji yanapenya polepole kwenye vitundu visivyoonekana vya udongo, yanafika nje, upepo unayakausha, na yanapokauka yanaondoka na joto la mtungi. Ukiupaka mtungi rangi ya mafuta, umeusitishia kazi yake. Chungu cha maua ni ndugu wa mtungi huo, ila tumboni mwake mna udongo, samadi na mizizi badala ya maji matupu. Kila ukimwagilia, sehemu ya maji hutafuta njia kupitia ukutani, yakibeba chumvi za kisima na za mbolea. Yakikuta nje kumebandikwa ngozi isiyopitisha kitu, hayarudi yalikotoka. Yanaisukuma ngozi mpaka itoke.

Kwa hiyo sura hii ya kupamba vyungu vya zamani inaanzia ndani ya chungu. Mapambo yote yaliyomo humu nimeyapaka kwa mikono yangu, mengine mara nyingi, na kila yaliposhindwa sababu ilikuwa maji. Kabla hujachagua rangi, jiulize maji ya chungu hiki yatapita wapi.

Jibu linategemea chungu kimetengenezwa kwa nini. Kile cha udongo kilichochomwa kwa kuni mahali pa wazi, ambapo moto hufika kati ya nyuzi 600 na 900 hivi, hunywa maji sana. Kilichochomwa kwenye tanuru la kiwanda hunywa kidogo. Kipime kwa tone moja: liweke ukutani pake pakavu, uhesabu. Likitoweka kabla hujafika kumi, hicho kinatoa jasho la kutosha kubandua rangi yoyote ya mafuta. Cha saruji kina tabia yake, tutaifikia. Ndoo ya plastiki na kopo la bati havitoi jasho kabisa. Tatizo la hivyo ni kwamba rangi haina pa kushika.

Kuna vyungu ambavyo ningekuomba usivipake chochote. Ukipata chungu cha Wakisi wa Ikombe, kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa, kile ambacho akina mama wamekifinyanga kwa mkono na kukipamba kwa udongo wenye rangi kabla hakijaingia motoni, kioshe kwa maji na ukiache. Vivyo hivyo chungu cha kupikia kilichopasuka kikaacha jiko na kuhamia bustanini. Masizi yake yamekaa miaka mingi kwenye moto wa nyumba ya mtu, na hakuna brashi itakayokupa weusi ule.

Kuosha na kukausha

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, na hapa ndipo nitakuchosha kidogo. Toa mmea pamoja na bonge lake la udongo, ulifunge kwenye kiroba kilicholowa, uliweke kivulini. Kwangua chungu kwa brashi ya waya, ndani na nje. Ule utando mweupe ni chumvi na chokaa ya maji. Sisi wa pwani tunaotumia maji ya kisima tunaupata kuliko watu wa bara. Loweka chungu kwa nusu saa kwenye siki iliyochanganywa na maji, kikombe kimoja kwa vinne. Ukiona povu dogo linachemka penye weupe, siki inaila chokaa. Suuza vizuri.

Ukungu na kuvu havisikii siki vya kutosha. Kwa hivyo tumia dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, sehemu moja kwa tisa za maji, dakika kumi, kisha suuza tena mpaka harufu iishe. Ifanye siku nyingine, si siku ya siki. Dawa hiyo ikikutana na siki hutoa gesi ya klorini, inayounguza macho na mapafu, na watu wameumia bafuni mwao kwa kuchanganya viwili hivi.

Halafu kausha. Kiangazi, jua la siku tatu linatosha kwa chungu cha wastani. Masika hata wiki haitoshi, na kusema kweli masika si majira ya kazi hii. Kwa macho chungu huonekana kikavu kabla hakijakauka, kwa hiyo usiyaamini. Kifunike usiku kucha kwa kipande cha nailoni kilichobanwa kwa mpira. Asubuhi ukikuta matone upande wa ndani wa nailoni, jasho bado limo ukutani. Kirudishe juani. Nimewahi kukosa subira na chungu kimoja kikubwa cha mlangoni, na kwa ajili ya siku mbili nilizozionea choyo nikakipaka upya mara tatu.

Kikiisha kukauka, kipitishie msasa namba 120 nje ili rangi ipate meno ya kung'ata, ukipanguse vumbi.

Sasa uamuzi. Ukitaka pambo la kuziba, yaani rangi yoyote inayong'aa au iliyofunikwa kwa vanishi, ziba ndani kwanza: mipako miwili ya vanishi au ya rangi ya lami ya kuzuia maji, kutoka kitakoni mpaka kwenye mdomo, ukiacha tundu la chini wazi. Njia nyepesi zaidi, ninayoitumia siku hizi, ni kupanda mmea kwenye chungu chepesi cha plastiki na kukiingiza ndani ya kile kilichopambwa. Maji hayakigusi cha nje. Ukitaka chungu kiendelee kupumua, usizibe popote, ukipake chokaa.

Chokaa

Nimezaliwa mji wenye chokaa ardhini. Mapango ya Amboni yenyewe ni mwamba wa chokaa uliotobolewa na maji kwa muda usiohesabika. Lakini pwani nzima imeishi na chokaa. Husuni Kubwa ya Kilwa Kisiwani, ya karne ya 14, ilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa iliyotokana na matumbawe hayohayo, yakipangwa juu ya magogo na kuchomwa mpaka yawe meupe na mepesi. Lamu hivyo hivyo, Pangani hivyo hivyo. Mji Mkongwe wa Zanzibar mafundi wa uhifadhi walijifunza kwa uchungu kile bibi alichonieleza kwa ukucha: kuta za matumbawe zilizopigwa lipu ya saruji zilianza kulowa na kumomonyoka kwa ndani, kwa sababu unyevu uliokuwa ukitoka kupitia chokaa ulifungiwa. Ikabidi lipu ile ibanduliwe, chokaa irudi. Ukuta wa ghorofa mbili na chungu cha mrehani vinaugua ugonjwa mmoja.

Nunua mfuko mdogo wa chokaa ya kupakia nyumba. Vaa glavu na miwani, maana chokaa huunguza, na tone moja jichoni ni safari ya hospitali baada ya kuosha kwa maji mengi. Mwaga chokaa kwenye maji, usimwage maji kwenye chokaa, ukoroge mpaka ifanane na maziwa mabichi. Wengi huifanya nzito kama uji, nayo ikikauka hupasuka na kudondoka. Tia chumvi konzi moja kwa ndoo ya lita 10, ifunike, ilale. Asubuhi ichuje kwa kitambaa.

Kisha fanya jambo litakalokushangaza baada ya mahubiri yangu ya ukavu: lowesha chungu. Ulikikausha ili maji ya zamani na chumvi zake vitoke. Sasa unakipa maji safi kidogo ili ukuta usiifyonze chokaa kabla haijashika. Paka kwa brashi pana. Ya nyuzi za usumba ndiyo bora, maana nyuzi zile haziliwi na chokaa. Mpako wa kwanza utaonekana kama hukupaka kitu. Usiongeze. Weupe huja wenyewe inapokauka, na ikikauka inavuta hewa ya ukaa iliyotuzunguka na kurudi kuwa jiwe, lilelile lililoingia tanuruni. Mipako mitatu, siku moja moja, kivulini. Jua kali huikausha haraka na kuiacha unga unaoshika nguo.

Nyeupe tupu inatosha. Mmea wa kijani mbele ya chokaa hauhitaji msaada wowote, na zaidi ya hapo weupe hurudisha jua, mizizi ikakaa penye ubaridi. Chungu cheusi kinachotazama machweo huipika. Ukitaka rangi, tia ya asili ya udongo: udongo mwekundu uliochekechwa kwa kitambaa chepesi hutoa rangi ya ganda la korosho. Nili ya unga ya kufulia, ile ya kizamani, hutoa buluu laini ambayo duka la rangi haliuzi. Usizidishe sehemu moja kwa kumi za chokaa, la sivyo itatoka ikiguswa. Na jaribu kwanza kwenye kigae, uache siku mbili, maana rangi nyingine chokaa huzila zikapauka.

Chokaa inachakaa. Mvua huilamba, kingo hufifia, udongo mwekundu huchungulia. Kwangu huo ndio uzuri wake kuliko mapambo mengine yote: inazeeka bila kubanduka, na kuipaka tena hakuhitaji kukwangua.

Inayokataa chokaa ni mimea ya udongo wenye uchachu, kama gadenia. Kwenye vyungu vyake chokaa ipake nje tu, usiifikishe ndani ya mdomo.

Mwamba, shaba na nyufa

Mapambo haya matatu ni ya kuigiza, na yote yanataka chungu kilichozibwa ndani, au cha plastiki, au cha bati.

La mwamba ni rahisi na ndilo ninalompa anayeanza. Paka rangi ya maji ya kijivu iliyokolea, mipako miwili. Chukua dodoki kavu, lile la kuogea, ulikate kipande cha ukubwa wa yai. Watu huuziwa sponji za plastiki kwa kazi hii, nazo huacha alama za duara zinazofanana zote. Dodoki lina matundu na nyuzi zisizolingana, na jiwe halina sehemu mbili zinazolingana. Lichovye kwenye kijivu chepesi zaidi, ulidonoe juu ya gazeti mpaka karibu likauke, ndipo uguse chungu, ukigeuza mkono kila mara. Rangi ya tatu iwe nyeupe yenye tone la njano. Mwishowe chovya mswaki wa zamani kwenye nyeusi iliyozimuliwa, uukwaruze kwa kidole ili urushe matone. Simama hatua tano nyuma. Ukiona madoa badala ya jiwe, rudi na kijivu cha kati uyafifishe.

La shaba ya kale linahitaji macho kuliko mkono. Nenda kaangalie milango ya Mji Mkongwe yenye misumari ya shaba, au bomba la zamani la shaba ukilipata, uone ile kutu ya kijani inakaa wapi. Inakaa maji yanapotuama na yanapochuruzika: chini ya ukingo, kwenye mistari ya nakshi, kuzunguka shina la msumari. Mahali panapoguswa na mikono hubaki kahawia inayong'aa. Basi paka kahawia nyeusi kote, igonge kwa rangi ya shaba kwa kitambaa kilichokunjwa, iache ikauke. Zimua kijani chenye ubuluu mpaka kiwe maji, ukitiririshe kutoka kwenye ukingo na ukiache kishuke kinavyotaka. Pangusa sehemu zilizoinuka. Rudia na kijani chepesi zaidi. Anayepaka kijani kote sawasawa anapata chungu cha kijani.

Nyufa za kizamani hupatikana kwa gundi nyeupe ya mbao. Paka rangi ya chini, tuseme kahawia, ikauke kabisa. Paka gundi. Ingoje mpaka inate kidoleni bila kutoka, kisha pitisha rangi ya maji nyeupe kwa brashi, mara moja, upande mmoja, bila kurudia. Ndani ya dakika chache rangi ya juu hukauka upesi kuliko gundi iliyo chini na kuvutwa ikapasuka. Gundi nzito hutoa nyufa pana, nyepesi hutoa nywele. Siku za unyevu mwingi pwani huchukua muda, na mwenye haraka huanza kuikoroga kwa brashi akaiharibu. Gundi hii hulainika ikipata maji, kwa hiyo vanishi ya mipako miwili ni lazima. Mimi huiweka kwenye vyungu vya ndani ya nyumba tu.

Saruji na bati

Chungu kipya cha saruji, kama vile vinavyofyatuliwa kando ya barabara kubwa za miji yetu, kina ukali unaokula rangi ya mafuta. Aliyewahi kupika sabuni anajua kinachotokea: mafuta yakikutana na kostiki soda huwa sabuni. Saruji mbichi ina ukali wa jamii hiyo, na rangi ya mafuta uliyopaka juu yake hulainika, hunata, hatimaye huosheka. Subiri siku 28 tangu kifyatuliwe, ukijaze maji na kuyamwaga mara kadhaa ili ukali utoke, ndipo upake praima ya saruji. Cha zamani kilichokaa nje miaka miwili hakina shida hiyo.

Kopo la bati hupendeza kuliko chochote kwa rangi ya kung'aa, na wachoraji wetu wenyewe ndio waliotuonyesha thamani ya rangi hiyo. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 hivi, alitumia rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Alifariki mwaka 1972, na mtindo wake ukabaki na jina lake. Rangi ile hukaa juu ya bati kama iliyozaliwa nalo. Toa kutu kwa msasa, toboa matundu kitakoni kabla ya kupaka na si baada, paka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, kisha weka usuli wa rangi moja na umchore ndege au samaki kwa mistari minene. Usimwigize Tingatinga doa kwa doa. Mchore ndege unayemwona uani kwako.

Kuhusu rangi hizi za kung'aa, hasa njano, nyekundu na kijani, soma kopo. Zinazotiwa risasi bado zipo sokoni, na risasi huharibu akili za watoto kwa kiasi kidogo sana. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ni sehemu 90 kwa milioni. Tafuta iliyoandikwa kuwa haina risasi. Rangi ya zamani usiyoijua ilikotoka usiisugue ikiwa kavu. Ilowanishe, vaa barakoa, ukusanye takataka zake, na mboga za kula usizipande humo kabisa.

Vyungu vyangu vinane vya buluu nilivimenya vyote. Ilichukua wiki tatu na kisu butu. Kimoja kilipasuka, vigae vyake vimekaa kwenye matundu ya vingine, kuzuia udongo usitoke na maji. Saba vilivyobaki nilivipaka chokaa, viwili vikiwa na nili, na kwenye kile kilicho karibu na mlango bibi alipanda mrehani kwa ajili ya vikuba vya harusi za mtaa. Chokaa yake imeshaanza kufifia ubavuni, upande unaopigwa na mvua ya kusi. Ndoo nimeshaijaza maji, na kesho asubuhi nitachuja.